Boti ya faiba ku ziwa Tanganyika: mbele ya kutoa feza ya dekonti

Mutu akitoka ku karieri na feza mukononi, watu watatu wanamungojea: muuza pikipiki, muuza kiwanja na muuza boti. Yule wa boti njo mwenye maneno matamu kupita wengine. Anakuonyesha boti nyeupe inayong'aa, moteri mupya nyuma yake, anakuambia samaki hawalipwi mushahara na kila asubui feza inaingia. Nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu nyingine njo inamaliza watu.

Haya tunayaandika kwa familia za Manono, za Nyunzu na za Kalemie penyewe, na pia kwa wale wa Likasi na Kolwezi wenye ndugu ku ziwa. Wazee hawajasahau mwaka 2003, wakati Gécamines ilipoagana na wafanyakazi zaidi ya 10.000 kwa ule mupango wa départs volontaires, Banki ya Dunia ikitoa feza. Familia nyingi zingali zinasimulia namna feza ile iliisha upesi: gari ya taksi iliyokufa nyuma ya miezi sita, mashini ya kusaga isiyo na piesi. Muchimbaji anajua jiwe. Akilishika mukononi anajua kama ni kasiterite ao ni uzito wa bure. Lakini akisimama mbele ya boti anaangalia rangi.

Basi, tusianze na rangi. Tuanze na samaki.

Ku Kalemie kuna kazi tatu za boti, na kila moja inataka boti yake. Ya kwanza ni ndagala, usiku, na mataa na wavu wa kuinua. Hii ni kazi ya zile pirogi zinazofungwa pamoja na miti, zenye watu wengi na wavu mukubwa. Hapo mbao ingali mufalme, na mutu mugeni asikimbilie kuibadilisha. Ya pili ni kufuata samaki wakubwa wanaokula ndagala: mukebuka, sangala, kuhe. Hapa mutu anatumia ndoano, kamba ndefu, wavu wa kunasa, na anasogea kila mara kwa sababu samaki nao wanasogea. Ya tatu ni kubeba: kuchukua samaki ku vijiji vya Mtoa, Kabimba, ao chini kuelekea Moba, na kuleta mujini mbele hawajaoza. Faiba inafaa zaidi kwa kazi ya pili na ya tatu. Kama ndugu anakuuzia boti ya faiba ya mita 6 na anasema utavua ndagala nayo sawa wale wa katamarani, muulize wavu utauinulia wapi.

Sangala na mukebuka ni ndugu moja. Ndani ya ziwa letu kuna aina nne za familia hiyo, na zote nne haziko mahali pengine popote duniani. Yule sangara wa ziwa Victoria ni binamu yao tu. Tangu miaka ya 1950, wakati Wagiriki walipoanza kuvua na nyavu kubwa za kuzungusha, sangala wakubwa walipungua mbele ya wengine. Tena utafiti uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini, na chakula cha samaki kinapungua. Sisemi hivi kukuvunja moyo. Ila muuzaji akikupigia hesabu na samaki wa wakati wa babu yake, ujue.

Sasa upepo. Tanganyika ina urefu wa kilomita karibu 670, na wastani wa upana ni kilomita 50 tu. Ni sawa korido. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, kusi inatoka kusini na inakimbia ndani ya korido ile pasipo kitu cha kuizuia. Mawimbi yanayofika mbele ya Kalemie si marefu na ya pole sawa ya bahari. Ni mafupi, yamesimama, yanafuatana karibu karibu. Boti inashuka ndani ya shimo, na mbele pua haijapanda, wimbi lingine limefika. Na wakati wa mvua kuna ule upepo wa gafula unaotangulia wingu jeusi, unaogeuza maji ndani ya dakika kumi.

Kwa maji ya namna hiyo, angalia mambo matatu ku umbo la boti. Pua iwe juu, tena iwe na V inayokata maji. Boti ya tumbo tambarare inabeba mingi na inaelea mahali pafupi, hiyo ni kweli, lakini ku mawimbi yetu inapiga, inapiga, mpaka mugongo wa mutu na mwili wa boti vinachoka pamoja. Mukia nao usiwe na V kali sana, kwa sababu boti ya V kali kila mahali inayumba wakati mumesimama kuvuta wavu, na inakula esansi. V mbele, ubapa kidogo nyuma: njo inafaa. Jambo la tatu ni kimo cha mbavu. Usikipime boti ikiwa tupu. Weka watu wote, moteri, bidoni, barafu, nyavu na mizigo ya samaki unaowaota, kisha tazama ni sentimita ngapi zimebaki juu ya maji. Mimi binafsi, chini ya 40 siendi. Mwezi wa 12 mwaka 2014, boti Mutambala ilipozama hapa ziwani, watu zaidi ya 100 walikufa. Ilikuwa chombo kikubwa, si kapirogi. Mizigo ya kupita kiasi na upepo havichagui ukubwa.

Vijana wanatuonyesha ku telefone video za Marekani na Kanada: boti za faiba za mbio, moteri za farasi 200, wazungu wanavua samaki anayeitwa walleye ku yale Maziwa Makubwa. Samaki yule anafanana na sangala kwa tabia, ni mwindaji, na jicho lake linang'aa usiku. Lakini angalia vizuri. Ziwa Erie, moja la maziwa yale, mahali pake pa chini kabisa ni mita 64. Letu linafika mita 1.470. Kule mutu anarudisha boti yake ku gari jioni, analala nayo nyumbani, na akipata shida kuna watu wa kumufuata. Boti ile ni ya muchezo wa siku ya yenga. Yako ni kazi, italala ndani ya maji ao juu ya muchanga, na itakwaruza mawe kila asubui.

Tena si lazima kwenda Amerika kujua mambo ya boti nyepesi. Tarehe 23 Desemba 1915, hapa hapa Kalemie, Waingereza waliweka ndani ya maji boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, walizozileta kwa gari la moshi kutoka Cape Town na kuzikokota ndani ya pori. Siku tatu nyuma zilikamata Kingani ya Wajerumani. Mbio zilizishindia vita. Lakini zilikuwa za mbao nyembamba, na kila safari iliziumiza. Mbio kila mara inalipwa na kitu fulani.

Faiba yenyewe ni nini? Ni nyuzi za kioo zilizofumwa sawa kitambaa, zikalowanishwa na rezini, tabaka juu ya tabaka, ndani ya forma. Nguvu inatoka ku nyuzi. Rezini inazishikanisha tu. Fundi muvivu anaweka rezini nyingi na nyuzi kidogo, boti inaonekana nene na nzito, kumbe inapasuka sawa sahani. Ile rangi ya juu, jelikoti, ni ngozi tu ya kuzuia maji na jua. Uzuri wa faiba tunaujua: haiozi, haitaki kuzibwa na pamba kila mara, haifyonzi maji sawa mbao iliyolala miaka mitatu, ni nyepesi, moteri ndogo inaisukuma. Ng'ambo, Tanzania, serikali imeanza miaka hii kukopesha wavuvi boti za faiba, na kutoka Kigoma mpaka hapa si mbali, kilomita kama 125 kwa maji. Ndiyo sababu hata neno tunasema sawa wao.

Lakini kuna jambo moja ambalo muuzaji hataanza nalo. Mbao inaelea. Pirogi ya mbao ikijaa maji, inabaki pale pale, imelala ubavu, na watu wanaishikilia mpaka kuche. Faiba ni nzito kuliko maji. Boti ya faiba ikijaa, pasipo vyumba vilivyofungwa ao povu gumu ndani yake, inakwenda chini na moteri inaivuta, na chini ni mita mamia, hakuna mutu atakayeifuata. Kwa hiyo ulizo la kwanza si bei. Uliza: ikijaa maji, itafanya nini?

Boti ya kazi iliyotengenezwa vizuri ina vyumba vya hewa ao povu chini ya sakafu, ku pua na chini ya viti. Povu liwe lile gumu lisilokunywa maji. Boti nyingi za zamani zina povu lililokunywa maji miaka mingi. Boti inakuwa nzito bila mutu kujua sababu, na siku ya shida povu hilo halisaidii kitu. Njia ya kuhakikisha iko, na haitaki mashini. Pelekeni boti mahali maji yanafika kiunoni, ondoeni moteri, wekeni pahali pake mifuko ya muchanga yenye uzito ule ule, kisha mujaze maji mpaka juu. Ikibaki inaelea na watu wawili wakiishikilia, ongea bei. Muuzaji akikataa jaribio hili, umekwisha kupata jibu, na halikukugarimu hata franka moja.

Kama boti imekwisha kutumika, na nyingi zinazouzwa hapa zimekwisha kutumika, usiende peke yako na usiende jioni. Enda asubui na muvuvi ambaye hana faida ndani ya biashara hiyo. Chukua nyundo ndogo ya mpira, ao hata ile franga ya chuma ya zamani, na ugonge mwili wote, kidogo kidogo, mukono kwa mukono. Muchimbaji anaelewa sauti: mwamba muzima unalia, mwamba uliopasuka ndani unanyamaza. Faiba ni vile vile. Mahali panapojibu na sauti kavu ni pazima. Mahali panapojibu sawa kisanduku cha karatasi, tabaka zimeachana ao mbao ya ndani imeoza.

Gonga zaidi ku tablo, ule ukuta wa nyuma unaobeba moteri. Boti nyingi zinafia hapo. Ndani ya tablo kuna kontreplake iliyofunikwa na faiba. Maji yanaingia ku matundu ya bulo za moteri, mbao inaoza ndani huku inje kunang'aa. Simamisha moteri ikiwa imefungwa, ikamate juu, sukuma na uvute. Tablo ikicheza hata kidogo, ujue kazi kubwa inakungoja. Kisha uangalie nyufa. Nyufa nyembamba sawa nywele ku jelikoti, zilizosambaa sawa nyota, zinaonyesha mahali boti ilipigwa. Chache si kitu. Zikifuata mustari murefu karibu na mbavu ao chini ya sakafu, mifupa ya ndani imevunjika. Na kama boti imepakwa rangi mupya mwezi huu huu, uliza kwa nini. Rangi mupya ku boti ya zamani ni sawa udongo uliofunika shimo.

Kuhusu ukubwa: kwa watu watatu ao wane wa ndoano na wavu wa kunasa, mita 7 inatosha, na chini ya 6 ku kusi ni kutafuta kilio. Kwa kubeba samaki na barafu, mita 8 ao 9. Kubwa kupita hapo, unaanza kufanya kazi kwa ajili ya moteri.

Moteri, basi. Ku ziwa hili Yamaha ya tempo mbili ndiyo inajulikana, 15, 25, 40, kwa sababu moja inayotosha: mekanisie wa Moba anaijua, na piesi zinapatikana. Ya tempo ine inakula kidogo na haipigi kelele, ila siku inakataa katikati ya maji, nani ataifungua? Kwa sasa mimi ningebaki na ile inayojulikana. Ujue tu kwamba tuko juu ya bahari kwa mita zaidi ya 770, hewa ni nyepesi kidogo, na moteri inapoteza karibu asilimia 8 ya nguvu zake. Ya 40 haikupi 40. Mbio zote wazi, tempo mbili ya 25 inakunywa karibu lita 11 ao 12 kwa saa, ya 40 inafika lita 18 ao zaidi. Mafuta ya kuchanganya, kwa moteri nyingi za namna hii, ni lita 1 kwa lita 50 za esansi, lakini fuata kile kilichoandikwa ku moteri yako, na usikubali mafuta ya gari. Bidoni igawanywe mara tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya upepo.

Hapa tufungue daftari, na mama wa nyumba akae karibu, kwa sababu mara nyingi yeye njo anajua bei ya samaki ku soko kupita bwana aliyekaa karieri miaka kumi. Muuzaji anahesabu miezi 12 na usiku 30. Toa kwanza miezi mitatu. Nchi nne za ziwa zilipatana kupumzisha maji. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, na mapatano hayo yanatuhusu sisi pia. Mbele ya kununua, enda ku serevisi ya uvuvi ya jimbo uulize kalenda ya mwaka huu. Inabaki miezi 9. Kila mwezi, wakati mwezi wa mbinguni umejaa, mataa hayavuti samaki: toa usiku kama 10. Inabaki 180. Toa usiku wa upepo, wa malaria, wa moteri mugonjwa, wa kilio mutaani, tuseme 30. Umebaki na 150, si 360. Sasa pima kama usiku 150 zinaweza kulipa esansi, wavuvi, nyavu, na kurudisha bei ya boti ndani ya miaka mitatu ao mine. Kama hesabu inasimama ku 150, nunua. Kama inasimama ku 360 peke yake, ni afazali kiwanja.

Na hiyo feza ya miezi mitatu ya kufunga, iwekwe pembeni tangu mwezi wa kwanza. Watoto wanakula hata wakati samaki wanazaa.

Makaratasi nayo. Boti iandikwe kwa komisere wa ziwa kwa jina lako, si la muuzaji, si la shemeji anayekaa plage. Moteri iwe na faktire yenye namba yake, na kama imetoka ng'ambo, karatasi ya DGDA. Moteri nyingi ziwani zimeibiwa kwa bunduki usiku, na mutu anayenunua moteri bila faktire anaweza kukutana na mwenyewe ku bandari. Andika namba ya moteri mahali tatu. Moteri ndogo inayotoka upesi na kulala ndani ya nyumba ina faida kuliko kubwa inayolala inje na mulinzi anayesinzia.

Kama unabaki Manono na boti iko hapa, jambo gumu zaidi si faiba wala moteri. Ni nani analala ndani ya boti ile. Desturi ya ziwa ni kugawanya: garama za usiku zinatoka kwanza, kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye boti na wavuvi. Mupatane mbele ya mashahidi, sehemu ngapi, nani analipa wavu uliopasuka. Mushahara wa kila mwezi unaleta wavuvi wanaolala.

Mwisho, nunua siku ile ile vitu vya kutengenezea, kwa sababu fundi wa mbao ni kila kijiji, fundi wa faiba si kila kijiji. Kitambaa cha nyuzi mita tatu ao ine, rezini, katalizeri yake, brashi, karatasi ya kusugua, glavu. Rezini inazeeka upesi ku joto, kwa hiyo kidogo kidogo, si pipa. Kupasuka kukitokea, usipake juu juu. Kausha boti kabisa siku mbili kivulini, sugua mpaka ufike ku nyuzi nzima, fanya muteremuko mupana kuzunguka tundu, kisha weka tabaka kutoka ndogo kwenda kubwa. Katalizeri ni asilimia 1 mpaka 2 tu ya rezini. Ikizidi inachemka na kupasuka yenyewe, na ikigusa jicho inalipofusha. Watoto wasiikaribie. Usifanye kazi hiyo ndani ya nyumba wala juani. Chini ya tumbo, pale boti inapogusa muchanga, ongeza tabaka mbili mbele ya siku ya kwanza, na uifundishe timu yako kuibeba ao kuitelezesha juu ya magogo, wasiikokote ku mawe.

Jile za kuelea ni moja kwa kila kichwa, na ziwe zimevaliwa, si kukaliwa sawa mito.